Nyuma Kushoto

Bukavu, kuondoka si kazi.
Toa tu jiwe nyuma ya tairi
na mlima utakusindikiza mpaka ziwani.
Kazi ni kusimama.

Hilo nililijua kabla sijarithi Mustangi,
nyekundu, ya mwaka wa sitini na tisa,
iliyomtoka mzungu wa kwinini ikamfikia baba
kwa magunia mangapi ya kahawa, hakusema.
Farasi wa chuma bado anakimbia puani pake.
Injini inakohoa, kisha inakubali.
Lakini gurudumu la nyuma kushoto ni tupu:
hamna ngoma, hamna viatu, hamna springi,
ekseli imebaki uchi kama mfupa uliofyonzwa.

Kadutu nilipanda siku nne.
Zihalirwa wa vipuri akanitolea za Toyota,
akazipanga juu ya turubai kama mgawa karata.
"Chukua hii. Breki ni breki, muzee."
Nikapima kwa kamba. Imepungua vidole viwili.
"Basi kata gari," akasema, na wote wakacheka,
na mimi pia.

Nikavuka Ruzizi mpaka Kamembe na picha kwenye simu.
Nikatuma watu Bujumbura; Bujumbura ikauliza
Mustangi ndiyo nini.
Kutoka Goma, kwa meli ya usiku, likaja boksi
lililofungwa kwa mpira wa baiskeli,
dola themanini na tano, nauli mbali.
Ndani: klachi ya lori.

Siku hiyo sikutaka tena chuma. Nilitaka sambaza.
M'Birindwa huzikaangia kule chini, Muhumba, karibu na maji,
kikaangio kimekaa juu ya jiko la duara, jeusi, zito,
majivu yakidondoka kwa matundu kitakoni.
Nikainama. Nikahesabu matano.
Nikahesabu tena.

"Ya baba yako," akasema, mwiko hakuuinua.
"Mwezi wa kumi, tisini na sita, mji unakimbia.
Alikuja usiku, ameikumbatia tumboni kama mimba,
na bidoni mkononi. Akasema,
wanaolitaka gari watalikuta pale pale,
ila Bukavu gari lisilo fereni haliendi mbali.
Akasema nitarudi.
Mwaka wa kwanza niliificha.
Wa pili nikangoja.
Wa tatu watoto walitaka kula."

Bidoni ilitoka chini ya kitanda.
Mawese yameganda; nikaingiza mkono mpaka kiwiko
nikavua kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta pete kwenye bugali:
springi tatu, silinda ndogo, viatu viwili,
kutu haijaviona.

Fundi Mushengezi alivipokea kwa gazeti.
Liningi zimelewa mafuta, akasema, nitapiga za lori
kwa ribiti za shaba. Raba nitakuchongea.
Ngoma akaizungusha, akaipima hapa, akaipima pale,
akanyamaza kama daktari.
Moto wa miaka ishirini na nane umeipinda.
Itakushika leo, kesho itakurusha ukutani.

Nikalirudisha jiko kwa mwenyewe.
M'Birindwa akalipangusa kwa upindo wa kitenge.
"Afadhali," akasema. "Ningekaangia wapi?"
Akanifungia sambaza za bure.

Jana mwanangu Asifiwe alikuwa kwenye pedali,
kanyaga, shika, achia,
nami chini ya gari, hewa inatoka povu kwa povu
na mafuta yananichuruzika kwapani.
Bomba la nne tumeliziba kwa skrubu.
Magurudumu matatu sasa yanajibu ukiyaita.
La nne lina jiwe lake.

Akaniuliza kutoka juu:
kama gari lilikuwepo, babu aliondoka na nini?
Kwa miguu, nikamwambia. Kanyaga tena.

Natafuta ngoma moja. Inchi kumi, matundu matano.
Nyuma kushoto.
Ukiiona mahali inapikia, usianze na bei.
Muulize mama kwanza nani aliileta,
na kama alisema atarudi.